Kutoka Mpanda hadi Kigali: Jinsi ya kuzunguka jijini kwa basi, moto na teksi

Kigali ni moja ya miji mikuu ya nje ambayo mkazi wa Mpanda anaweza kuifikia kwa barabara bila kupita Dar es Salaam. Wapo wanaokwenda kibiashara, wanaopeleka mgonjwa hospitali, wanaosoma vyuo vya huko na wanaounganisha ndege.

Usafiri wa jiji hilo una mpangilio mzuri. Mgeni huponzwa na mazoea ya nyumbani: kumpa konda pesa mkononi, kupanda boda bila helmeti na kuangalia kulia kabla ya kuvuka barabara. Mazoea mawili ya mwanzo yatampotezea muda au pesa. La tatu linaweza kumpotezea maisha.

Magari yanapita kulia

Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, kama Burundi na DR Congo, magari hupita kulia.

Anayetembea kwa miguu Mpanda amezoea kuangalia kulia kwanza, kwa sababu gari la karibu yake hutokea huko. Kigali gari la karibu hutokea kushoto. Mtu anaweza kuangalia kulia, akaona barabara nyeupe, akaingia, na moto ikawa tayari iko ubavuni mwake upande wa pili.

Kanuni ni rahisi: kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Akifika katikati ya barabara ya njia mbili, macho yahamie kulia.

Kuna jambo jingine jipya. Pikipiki za umeme zinaongezeka Kigali, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa biashara ya abiria jijini humo zinatakiwa kuwa za umeme. Hizi hazina mlio wa boda za kawaida. Aliyezoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona, masikio yake hayatamsaidia.

Kwenye makutano makubwa kuna taa za barabarani zinazohesabu sekunde. Mgeni asubiri taa na avuke kwenye zebra. Kukatiza popote kwa mbio, kama wengi wanavyofanya nyumbani, kunaweza kumkutanisha na askari wa usalama barabarani.

Njia ya kufika na karatasi za mpakani

Kutoka Mpanda kuna njia mbili kuu za barabara:

- Mpanda – Sikonge – Tabora – Nzega – Kahama – Nyakanazi – Rusumo. Mpaka Tabora mtu anaweza pia kwenda kwa treni kupitia Kaliua.
- Mpanda – Uvinza – Kasulu – Kibondo – Kakonko – Nyakanazi – Rusumo.

Njia zote mbili hukutana Nyakanazi. Safari ni ndefu, hivyo ni vema msafiri apange kulala njiani kuliko kufika mpakani usiku akiwa hoi.

Rusumo ni mpaka wa huduma za pamoja uliozinduliwa Aprili 2016. Maofisa wa nchi zote mbili wapo jengo moja, msafiri anagongewa kutoka na kuingia palepale. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni takriban kilomita 160.

Kuhusu karatasi, kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa upo kati ya Rwanda, Uganda na Kenya, na Tanzania haimo. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Ni bora kuishughulikia ofisi ya Uhamiaji mkoa wa Katavi kabla ya kukata tiketi, siyo kubahatisha mpakani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwepo kwenye mkoba. Viza ya kulipia haihitajiki kwa raia wa Afrika Mashariki.

Saa, faranga na laini ya simu

Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Saa 3:00 asubuhi Mpanda ni saa 2:00 asubuhi Kigali. Habari njema ni kwamba Wanyarwanda nao huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia alfajiri, kwa hiyo "saa mbili" yao ni saa mbili. Ila maeneo ya mpakani simu huweza kurukia mtandao wa upande wa pili na kubadili saa. Mwenye basi la kuwahi aulize saa kwa wenyeji.

Pesa ni faranga ya Rwanda. Faranga 1 ina thamani zaidi ya shilingi 1 ya Tanzania. Huu ni mtego mdogo unaoumiza wengi: mtu anatajiwa "elfu mbili", kichwani anasikia buku mbili ya Mpanda, anakubali haraka. Kabla ya kubishana bei, msafiri aangalie kiwango cha siku hiyo na akariri faranga 1,000 ni shilingi ngapi. Hesabu hiyo moja itamtosha kwa safari nzima.

Mitandao mikubwa ya simu ni MTN na Airtel. Laini husajiliwa kwa pasipoti, na ni vizuri kununua kwenye duka la kampuni. Malipo ya simu ya MTN huitwa MoMo. Madereva na maduka wengi wana namba ya malipo, na mteja wa MTN hulipa kwa kupiga *182*8*1* ikifuatiwa na namba hiyo. Pesa iliyobaki kwenye laini ya Tanzania haitamsaidia kumlipa dereva wa moto pale barabarani, hivyo atembee na faranga taslimu za kutosha siku ya kwanza.

Majina ya kukariri

Jiji la Kigali lina wilaya tatu: Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Barabara zake zimepewa herufi na namba. KN ni Kigali Nyarugenge, KG ni Kigali Gasabo, KK ni Kigali Kicukiro. Mtu akiona anwani inaanza na KG, tayari anajua iko wilaya gani.

Maeneo ambayo mgeni atayasikia mara kwa mara:

- Nyabugogo: stendi kubwa ya mabasi ya mikoani na ya nje ya nchi. Mabasi mengi ya kutoka Rusumo huishia hapa.
- Mjini: katikati ya jiji, Nyarugenge. Benki na maduka.
- Nyamirambo: mtaa wenye Waislamu wengi na wasema Kiswahili wengi, hasa upande wa Biryogo. Mtanzania hapa hapotei lugha.
- Kacyiru: wizara nyingi na Hospitali ya King Faisal.
- Kimihurura: jengo la mikutano la Kigali Convention Centre.
- Remera: uwanja wa Amahoro, BK Arena, na stendi ya mabasi.
- Kimironko: soko kubwa na stendi ya mabasi.
- Kanombe: uwanja wa ndege wa kimataifa.
- Kicukiro: kusini-mashariki, na stendi ya Nyanza.

Angalia majina hayo: Kacyiru, Kicukiro, Kimihurura, Kimironko. Yanafanana mdomoni mwa mgeni lakini yako kwenye milima tofauti. Aliyesema "Kimi…" akamung'unya mwisho, anaweza kushushwa mbali kabisa na alikokusudia. Tena herufi "c" ya Kinyarwanda husomwa "ch": Kicukiro ni "Kichukiro", na Kacyiru husikika karibu na "Kachiru". Njia salama ni kuandika jina kwenye simu na kumwonyesha dereva.

Jambo la kujua mapema: basi la kutoka Rusumo huingia Kigali kwa upande wa mashariki na kupita Kabuga na Remera kabla ya kufika Nyabugogo. Anayekwenda uwanja wa ndege, Kimironko au Remera yenyewe amuulize dereva kama anaweza kushuka Remera. Akipitiliza hadi Nyabugogo atalipa nauli nyingine kurudi alikotoka.

Basi la jiji: kadi kwanza

Kwenye basi la jiji hakuna konda wa kumpa noti na kusubiri chenji. Tangu Desemba 2015 Kigali ilianza kutumia kadi ya Tap&Go. Abiria anapanda kwa mlango wa mbele, anagusisha kadi kwenye mashine karibu na dereva, nauli inakatwa. Aliyewahi kupanda mwendokasi Dar es Salaam kwa kadi ataelewa mara moja.

Mambo ya kuzingatia:

- Kadi hununuliwa kwa mawakala waliopo stendi kama Nyabugogo, Remera, Kimironko na mjini. Wakala huyohuyo huongeza salio.
- Salio lisiachwe liishe. Vituo vidogo vya njiani huenda visiwe na wakala.
- Nauli hupangwa na mamlaka ya udhibiti iitwayo RURA, kama LATRA inavyofanya Tanzania. Hakuna kupatana, na nauli haipandi kwa sababu mvua imenyesha.
- Nauli zilizoandikwa mitandaoni kabla ya Machi 2024 zimepitwa na wakati. Mwezi huo serikali iliondoa ruzuku ya usafiri wa umma na nauli zikapanda.
- Stendini watu hupanga foleni. Kuingilia kati kwa kiwiko, kama inavyotokea kwenye hiace siku ya mnada, kutamfanya mgeni azomewe.
- Mlango wa basi uko upande wa kulia. Anayesubiri basi asimame upande ambao magari yanaelekea anakokwenda, kinyume na alivyozoea. Wageni wengi husimama upande usio wakapanda basi la kurudi.

Wakazi wa zamani wa Kigali bado wanayakumbuka mabasi madogo yaliyoitwa *twegerane*, yaani "tusogeleane". Jina lilitokana na kubanana. Mabasi makubwa ya leo nayo hujaa, hasa asubuhi na kuanzia saa 11 jioni. Mwenye mzigo au mgonjwa aepuke saa hizo.

Moto: boda ya Kigali

Bodaboda Kigali huitwa moto, na dereva wake ni *motari*. Ndiyo usafiri wa haraka kuliko wote, kwa sababu jiji limejengwa juu ya milima na mabasi hayafiki kila kona.

Motari huvaa kizibao chenye namba na hubeba helmeti mbili, moja yake na moja ya abiria. Helmeti ni lazima. Abiria ni mmoja tu. Mshikaki wa Makanyagio au Kawajense huko haupo. Motari hatakubali, kwa kuwa faini itamwangukia yeye. Anayesafiri na mtoto au mwenzake achukue moto mbili au teksi.

Helmeti ifungwe mkanda chini ya kidevu. Ikiwa kubwa mno na inazunguka kichwani, abiria ana haki ya kukataa na kusimamisha moto nyingine. Ziko nyingi.

Bei iulizwe kabla ya kukaa. Neno la kuulizia ni *ni angahe?* Aliyekwisha kukaa na kuvaa helmeti hana nguvu ya kupatana tena. Mgeni anaweza kumuuliza mwenye duka au mlinzi wa nyumba ya wageni nauli ya kawaida ya alikokusudia, kisha akaanzia hapo.

Kushuka nako kuna hatari yake. Kwa kuwa moto husimama ukingo wa kulia, abiria hushukia kulia, na bomba la moshi la pikipiki nyingi za mafuta liko upande huohuo. Mpanda mtu hushukia kushoto na mguu wake hauligusi. Kigali ashuke polepole na mguu wa kulia autanue mbali na bomba. Kovu la bomba kwenye ndama ya mguu halina raha.

Mvua ikianza, motari wengi hujikinga na kusubiri. Mwenye miadi hospitalini au uwanja wa ndege siku ya mawingu asiitegemee moto peke yake.

Teksi: lini inafaa

Teksi ni ghali kuliko moto, lakini kuna safari ambazo yeye ndiye nafuu: mgonjwa, mzigo mkubwa, usiku mwingi, familia, au kuwahi ndege.

Teksi za Yego hutumia mita na huitwa pia kwa programu ya simu. Kabla gari halijaondoka, abiria aangalie kama mita imewashwa. Kwa teksi isiyo na mita, bei ikubaliwe kabla mlango haujafungwa, na ikubaliwe kwa faranga. Dereva akitaja bei kwa dola, abiria aombe aitaje kwa faranga.

Abiria watatu au wanne wanaokwenda sehemu moja wapige hesabu. Moto nne zinaweza kukaribia bei ya teksi moja, na teksi itabeba mabegi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe, teksi zipo nje ya jengo la kuwasili. Asiye na mzigo mkubwa anaweza kutembea hadi barabara kuu na kupata moto au basi la kuelekea Remera na mjini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda hufanya *umuganda*, kazi za pamoja za jamii, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi kwa saa za huko. Maduka mengi hufungwa na usafiri wa umma husimama kwa sehemu kubwa. Mwenye basi la kurudi Rusumo asubuhi hiyo anaweza kujikuta stendi ipo kimya. Tarehe iangaliwe kwenye kalenda kabla ya kukata tiketi.

Jumapili mbili za mwezi pia baadhi ya barabara hufungwa asubuhi kwa ajili ya watu kufanya mazoezi. Anayekwenda kanisani au uwanja wa ndege siku hiyo aondoke mapema.

Lugha: Katavi ina faida yake

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ikiungana na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini motari mitaani huongea Kinyarwanda kwanza. Nyamirambo na Nyabugogo Kiswahili kinapatikana kwa urahisi. Kwingine inategemea bahati.

Hapo ndipo watu wengi wa Katavi wana faida ambayo mgeni wa Dar hana. Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri na Kinyarwanda. Aliyekulia Katumba au Mishamo, ambako familia nyingi zina asili ya Burundi, au mwenye ndugu Waha, atapatana bei bila mkalimani.

Kwa wengine, maneno machache yanatosha:

- *Ni angahe?* – ni bei gani?
- *Hano* – hapa
- *Iburyo* – kulia
- *Ibumoso* – kushoto
- *Imbere* – mbele
- *Buhoro* – polepole
- *Murakoze* – asante

*Buhoro* ni la kukariri kuliko yote. Akiona motari anashuka mlima kwa kasi, alitamke bila aibu.

Anwani za KN na KG hazijulikani kwa kila motari. Wengi hutumia alama za zamani: Sonatube, Rwandex, Gishushu, Kisimenti, Giporoso. Msafiri amuulize mwenyeji wake, "Nimwambie motari nashukia wapi?" na aandike jibu.

Ikitokea dharura

- Polisi: 112
- Ajali ya barabarani: 113
- Gari la wagonjwa: 912

Aliyepanda moto asome namba ya kizibao au ya pikipiki kabla ya kuondoka, na aliyepanda teksi asome namba ya gari. Akisahau mkoba au likitokea tatizo, namba hiyo ndiyo pa kuanzia. Tanzania ina ubalozi Kigali, na picha ya pasipoti iliyohifadhiwa kwenye simu ya ndugu aliyebaki Mpanda hurahisisha mambo ya halisi ikipotea.

Orodha ya haraka kabla ya kuondoka Mpanda

- Pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya homa ya manjano.
- Kiwango cha faranga cha siku hiyo kimekaririwa.
- Tarehe ya kurudi haiangukii asubuhi ya umuganda.
- Jina la eneo na alama ya karibu vimeandikwa kwenye simu, siyo kichwani.
- Ukifika: laini ya simu, kadi ya basi yenye salio, faranga ndogondogo za moto.
- Barabarani: kushoto kwanza. Wanaosafiri na watoto au wazee wawafundishe hili wakiwa bado ndani ya basi, mara tu baada ya kuvuka daraja la Rusumo.